Usimwombe, Mwambie

Kila siku saa moja asubuhi Vaileth alikuwa ameshafika Arlington, Marekani, kwa Mzee Amnon. Anamwogesha, anampikia uji, anamvisha soksi. Mzee ana miaka themanini na nne na ugonjwa wa kusahau. Kiingereza kimemtoka chote. Kilichobaki ni Kiebrania, lugha ya utoto wake.

Shida ilikuwa kusimama. Mzee aliinuka tu kitini bila kushika fremu yake ya kutembelea, akaanguka. Mara mbili mwezi mmoja. Binti yake, Abigail, alisema akianguka tena itabidi ampeleke nyumba ya wazee. Alisema huku akiangalia pembeni.

Abigail alikuwa amemwandikia Vaileth maneno ya Kiebrania ya kumwamuru mzee aketi au asimame, kwenye karatasi. Karatasi ilikaa mfukoni. Vaileth amekulia Mbozi, Tanzania, na kwao mkubwa haamrishwi. Alianza na samahani, naomba, baba yangu, kwa Kiingereza na Kiswahili. Akifika kwenye "kaa", mzee yuko chini.

Jumapili jioni akampelekea karatasi Kamande, jirani yake wa ghorofa ya chini, Mkenya aliyevuna nyanya Israeli miaka mitatu. Kamande akamfafanulia. Mwanaume unamwambia "shev", yaani keti. Mwanamke, "shvi". Wakiwa wengi, "shvu". "Kum" ni simama, kwa mwanaume. Ukimkataza, neno linageuka, kama "simama" letu linavyogeuka "usisimame". Unasema "al takum".

"Nimwambie mzee hivyo, kama namfokea mtoto?"

"Huko hata bosi tulimwambia hivyo. Si matusi. Ukitaka kulainisha, weka bevakasha, tafadhali. Lakini neno lenyewe litangulie."

"Siwezi, kaka."

"Dada Vai, wewe unamwandikia barua na mtu anaanguka. Hiyo adabu yako itamvunja nyonga."

Chai ilimpoa Vaileth mkononi.

Kamande akajifanya mzee, akawa anainuka kitini akiguna, ili dada amkataze. Mara ya kwanza Vaileth alicheka. Mara ya tano hakucheka.

Jumanne alikuwa jikoni akikoroga uji, akasikia kiti kikilia. Mzee ameinuka nusu, miguu inatetemeka, fremu iko kule ukutani. Samahani ilimfika Vaileth mdomoni. Akaimeza.

"Al takum," alisema. "Shev. Bevakasha."

Mzee akamtazama. Akaketi.

Vaileth akaleta fremu, kisha akapiga goti mbele yake, maana heshima yake ilikuwa bado inamdai. "Ten li yad," akamwambia. Nipe mkono. Mzee akampa. "Kum." Wakaenda pamoja mpaka dirishani.

Mwezi wa tatu huu mzee hajaanguka. Bado yuko nyumbani kwake. Karatasi sasa imebandikwa kwenye friji, na Abigail ameongeza maneno.

Jana Vaileth alikuwa hajapumzika tangu asubuhi. Mzee akamwangalia kwa muda, kisha akamwonyesha kiti cha pili.

"Shvi," akamwambia.

Vaileth akaketi.