Mfupa Uliorudi Kutoka Kashi

Chai ya kwanza aliyopika Ranvir baada ya kurudi kutoka Kashi, mji mtakatifu wa Wahindu, ilikuwa na ladha ya nywele mbichi. Akaimwaga. Ya pili ikamwachia utelezi mdomoni, kama bamia iliyochacha. Fundi bomba akaja nyumbani kwake Sparkhill, huko ughaibuni, akakagua nyumba nzima, akasema maji ni safi. Ranvir, mzaliwa wa Kisumu aliyefundisha kemia miaka thelathini, akayapima mwenyewe. Yalikuwa safi. Akayanusa tena, akatapika.

Kashi alikwenda kumwaga majivu ya mkewe, Pallavi, katika Mto Ganga. Alizuru mahekalu matano, miguu peku juu ya maua na maziwa yaliyomwagika. Mtoni kuhani alimwambia, "Mwaga yote. Ukibakisha, unaacha mlango wazi, na hujui nani ataingia."

Ranvir akamwaga. Lakini kipande cha mfupa, kidogo kama punje ya mahindi, kilibaki ndani ya leso mfukoni. Hakikubaki kwa bahati mbaya.

Mchana mmoja jirani yake Abshiro, Msomali wa Garissa, alimletea sambusa. Akasimama mlangoni, mtandio puani.

"Mzee Ranvir, umeficha nini humu? Mbuzi mzima?"

"Ni bomba tu, Mama Idil."

Kutoka juu, bafuni, sauti ya mwanamke ikaita: "Ranvir... maji."

Abshiro akashusha sauti. "Na hilo ni bomba?"

"Ni Pallavi."

"Wallahi si Pallavi. Yule alikuwa akinifutia kiti mara mbili kabla sijakaa. Huyu ananuka kama kisima alichofia ng'ombe. Ulirudi na nini, mzee?"

Akamwambia.

"Kitupe mtoni. Kesho asubuhi nakuja na gari."

Abshiro alipoondoka, Ranvir alipanda ngazi, mkono ukiteleza kwenye ukuta uliokuwa ukitoka jasho zito la kijivu, harufu ikizidi kila kidato, harufu ya maua yaliyooza na mafuta ya nywele na nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko wa plastiki, mpaka aliposukuma mlango wa bafu akamwona aliyeketi ndani ya maji meusi, amempa mgongo, nywele za Pallavi zimemganda shingoni, na kati ya nywele hizo funza wakipanda na kushuka bila haraka.

"Wewe si yeye," Ranvir akanong'ona.

"Si yeye," kiumbe kikajibu kwa upole. "Lakini ukitupa kile kifupa, hutaisikia sauti hii tena."

Ranvir akafungua bomba la sinki. Kisha akajaza bilauri, akakishika kisogo, akakinywesha. Ngozi ikabanduka, ikabaki kiganjani mwake kama utando wa maziwa.

"Asante, Ranu."

Tangu Pallavi afe, hakuna aliyemwita hivyo.

Asubuhi Abshiro alipiga honi mara tatu. Ranvir akatia komeo mlangoni, akanawa kiganja, akajaza bilauri nyingine.