Amekuja na Nani?

Alasiri moja ya Novemba, watu saba waliokuwa wameketi kwenye benchi la ukutani pale kwenye baa ya Clive Pettman walisogea wote kwa pamoja kumpisha mtu akae. Hawakukatiza mazungumzo. Kila mmoja alijisukuma kidogo na kuinua glasi yake isimwagike, kama watu wafanyavyo akiingia mwenzao mwenye koti lililolowa. Clive alikuwa ameinama anafungulia bia kutoka kwenye pipa. Alipoinuka akatazama mlango. Kengele ya mlango haikuwa imelia.

Baa yake ilikuwa chumba kimoja tu, katika mtaa wa maduka wa mji mdogo kule Kent. Zamani lilikuwa duka la fundi viatu, kisha likakaa tupu miaka mingi, hadi Clive alipostaafu kazi ya kupeleka barua akalikodi. Akapiga rangi kuta, akapanga mapipa manne ya bia kwenye rafu ya nyuma, akaweka mabenchi. Siku za watu wengi mkewe Maureen humsaidia kukusanya glasi. Hakuna muziki wala televisheni. Chakula ni pai za nyama ya nguruwe na mayai yaliyolowekwa kwenye siki. Ukiingia kwa Clive utazungumza na jirani yako, utake usitake. Goti lako na lake yanagusana.

Jioni hiyo watu walipoanza kuondoka, Clive alimuuliza Glenys Tapsell, nesi mstaafu aliyekuwa hapo karibu kila siku.

"Yule bwana wa koti la kahawia amekuja na nani?"

"Si amekuja na Ron?"

"Na mimi?" Ron Hogben akashangaa. Alikuwa mwashi, mjane, mwenye mikono mikubwa kama sepetu. "Mimi nilidhani ni mgeni wako, Glenys. Nikasema moyoni, afadhali, hatimaye bibi kapata mchumba."

"Mchumba! Na wewe na mdomo wako huo! Ningekuwa na mchumba ningekuja kukaa na nyinyi?"

Wakacheka. Lakini Clive alipowauliza sura yake ilikuwaje, kila mmoja alikumbuka koti tu. Benchini, mahali alipokuwa amekaa, palibaki harufu ya ngozi iliyolowa na rangi ya viatu.

Kesho yake Glenys alikuja macho yamemvimba. Hakuagiza kitu.

"Biskuti wangu kafa," akasema. Biskuti alikuwa paka wake. "Nimefungua mlango jana, kalala pale pale kwenye zulia la kupangusia miguu, baridi kama jiwe. Asubuhi alikuwa mzima anakula."

"Pole, dada yangu," akasema Clive.

"Yule mtu wa jana aliniuliza swali. Kwa adabu kabisa. 'Nani anakungoja nyumbani?' Nikamwambia, ni paka wangu tu, Biskuti." Akajifuta pua. "Najua, najua. Uzee unaniingia."

Hakuna aliyelichukulia jambo hilo kwa uzito. Paka hufa.

Alhamisi akaja mgeni aitwaye Keith, mmoja wa wale wanaosafiri kwa treni kutoka mji hadi mji kuonja bia na kuziandika kwenye kijidaftari. Akasifu bia nyeusi ya Clive, akala mayai mawili, akazungumza na kila mtu. Clive alikuwa anaosha glasi aliposikia kitu chini ya makelele ya watu: tak, tak, tak, kama nyundo ndogo inayogonga msumari kwenye soli. Alipogeuka, Keith alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto, kama mtu anayemsikiliza jirani mwenye sauti ndogo, na akacheka, na akasema, "Mama yangu, mzee. Nani mwingine? Ana miaka themanini na mbili na bado ananipikia."

Kushoto kwake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na hapakuwa na mtu.

Baada ya siku nane rafiki yake Keith alipita kuleta salamu. Keith hangesafiri kwa muda. Mama yake alikuwa amekutwa jikoni, Alhamisi ile ile, sufuria bado iko motoni, wakati mwanawe yuko kwenye treni anarudi.

Glenys aliweka glasi chini. "Clive," akanong'ona, "mwite Judith."

Judith Ovenden alikuwa mchungaji wa parokia, na yeye pia alikuwa mteja. Hunywa nusu painti, glasi ndogo ya bia, hazidishi. Alisikiliza hadi mwisho bila kutabasamu. Akaomba siku mbili, akafukua vitabu vya zamani vya kanisa, na aliporudi alikaa kwenye kigoda karibu na mapipa, akaongea kwa sauti ya chini.

"Anaitwa Ezra Wraight. Ndiye aliyekuwa fundi viatu hapa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jioni moja alichelewa kufunga duka, alikuwa anamalizia buti za mtu. Bomu likaanguka kwenye nyumba yake. Mke na watoto wawili, wote mezani, wanamngoja. Baada ya hapo hakurudi tena kule. Alilala humu humu dukani miaka mitano, na kila mteja aliyeingia alimuuliza swali moja. Humu humu ndimo alimofia."

"Basi mfukuze," akasema Clive. "Si ndiyo kazi yenu?"

Judith akasali. Akanyunyiza maji kwenye pembe zote, kwenye mabenchi, hata kwenye mapipa. Siku mbili pakawa kimya. Siku ya tatu, saa kumi jioni giza la mapema la majira ya baridi likianza kushuka, tak, tak, tak.

"Mimi naweza kusali tu," akamwambia Clive mlangoni. "Lakini nyumba ina mwenyewe. Mlimpisha akakaa. Mwenye baa ndiye mwenye haki ya kumwambia mtu atoke."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Clive hakuwa amemfukuza mtu yeyote tangu afungue. Hata yule bwana aliyetapika kwenye pipa la kuwekea miavuli alimpigia teksi, akamfunga skafu. Akajiambia atalifanya kesho. Akajiambia hivyo siku tatu.

Jumamosi baa ilijaa mpaka watu wamesimama dirishani. Mvua ilikuwa inapiga kioo, makoti yananuka unyevu, na kila mtu anaongea, na chini ya maongezi hayo Clive alianza kusikia ile nyundo, kwanza mbali kama iko chini ya mbao za sakafu, kisha karibu, kisha karibu zaidi, na ile harufu ya ngozi ikapanda juu ya harufu ya bia na ya makoti mpaka ikamkaa kooni, na alipotupa macho kando ya ukuta akaona watu wa benchini wanasogea, mmoja baada ya mwingine, glasi juu, maneno hayakatiki, nafasi inafunguka, na kando ya nafasi hiyo, akiwa amekaa apumzishe miguu na glasi tupu nne mikononi, alikuwa Maureen mkewe, ameinamisha kichwa kushoto, anatabasamu.

"Maureen!" Clive akapaza sauti. "Usimjibu!"

Baa nzima ikamgeukia.

"Nini tena?" akasema Maureen. "Bwana huyu kaniuliza swali la kawaida tu. Nimemwambia hakuna anayeningoja nyumbani, mume wangu yuko hapa hapa."

Clive alihisi kitu kama ngumi kikifungwa ndani ya kifua chake. Akashika pipa. Mkono wa kushoto ukafa ganzi, jasho likamtoka, na kwa mara ya kwanza akamwona waziwazi, na wote wakamwona: mtu mwembamba wa koti la kahawia, mikono myeusi kwa rangi ya viatu, macho yenye unyenyekevu kama ya mtu anayeogopa kusumbua. Glasi zikamponyoka Maureen.

"Clive, keti chini," Glenys akasema, tayari anasukuma watu. "Keti, baba, usiongee."

Hakuketi. Alivuta pumzi mara mbili kabla sauti haijatoka.

"Ezra Wraight," akasema. "Hii ni baa yangu. Huna ruhusa ya kukaa humu tena. Leo wala kesho. Toka."

Yule mtu akainuka taratibu, akafunga vifungo vya koti. Hakukasirika. Laiti angekasirika! Alitazama nyuso zao moja moja, kama anayetafuta anayemfahamu, na aliposema sauti yake ilikuwa kavu, ndogo.

"Niende wapi?"

Watu wakatazama sakafu. Hakuna mtu asiyeona huruma. Clive alikuwa amepiga magoti sasa, na midomo yake imekuwa ya bluu.

Ndipo Ron Hogben akamaliza bia yake, akapangusa mdomo, akasimama.

"Twende kwangu," akasema.

"Ron!" Glenys akamshika mkono wa sweta. "Ron, keti! Una wazimu?"

"Niache, dada." Akamtoa vidole polepole. "Sheila mke wangu kafa miaka sita sasa. Mtoto sina. Hata paka sina. Huyu atanichukulia nani?" Akamgeukia yule mtu, akamfungulia mlango kama mwenyeji yeyote mwenye adabu. "Ni mwendo wa dakika kumi. Mvua hiyo, inua kola."

Kengele ikalia. Wakatoka wawili. Kupitia kioo walimwona Ron akienda upande mmoja wa njia, akimwachia mwenzake upande usio na madimbwi, na tayari anaongea naye, anamwelekeza kwa mkono.

Clive akavuta pumzi, kwa nguvu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini.

Hospitali walimweka siku nne, wakasema moyo wake hauna hata alama. Baa ikafunguliwa tena kabla ya Krismasi. Nyundo haikusikika tena, na benchini watu walisogea pale tu mtu alipoingia. Lakini Ron hakuja. Wiki ya kwanza walisema ana mafua. Mwezi ukapita.

Januari, saa sita mchana, mvua ikinyesha, Clive alikwenda nyumbani kwa Ron. Alipofika kwenye ua akamsikia Ron akisimulia jambo, akinyamaza, akicheka. Akagonga. Kicheko kikakatika. Mlango ukafunguka kiasi cha upana wa kiganja.

Ron alikuwa amenyoa vizuri, na shati lake limepigwa pasi. Alikuwa amenenepa kidogo. Lakini macho yake yalikuwa yanamtazama Clive kwa hofu.

"Ron, ndugu yangu. U mzima? Njoo basi hata nusu painti. Glenys anakuulizia, wote tunakuulizia."

"Usinitajie majina," Ron akanong'ona upesi. "Niko salama. Yule ni mtulivu, tunakaa vizuri, hanisumbui. Ila jana kaniuliza wale watu wa kule baa ni nani kwangu." Akatupa jicho nyuma yake. "Nimemwambia siwajui."

"Ron..."

"Nenda, bwana. Usirudi."

Ndani ya nyumba kiti kilisogezwa. Ron akainua sauti, akatazama juu ya bega la Clive kuelekea barabarani, kama anayemwelekeza mtu baki.

"Kituo cha treni ni upande ule!" akasema, akafunga mlango. Na Clive, akiwa bado amesimama kwenye mvua, akamsikia akirudi ndani na kujibu, kwa uchangamfu mkubwa, swali ambalo halikusikika: "Hakuna mtu. Kapotea njia tu."