Sauti Moja Kifaani

Sokoni mwisho wa mwezi hata mwenye masikio mazima hasikii kitu. Muuza vifungo na zipu, gauni la njano, kilemba kimeinamia upande, alimkazia mteja macho mdomoni.

"Kaka, andika. Hapa nasikia makelele tu."

Mteja alikiona kifaa nyuma ya sikio la mwanamke huyo, kile ambacho waya wake hupandikizwa hadi ndani ya sikio. Kazi ya mteja ilikuwa kutunga programu za vifaa hivyo hivyo, zitenge maneno na makelele. Akaandika: "Njoo kazini kwetu. Nitakirekebisha."

"Kila fundi husema hivyo," mwanamke akamcheka. Lakini alikwenda.

Programu ilihitaji kufundishwa sauti ya mtu. Fundi akajirekodi mwenyewe, siku nzima akisoma magazeti. Alipoiweka kifaani, akatoka nje, akapiga simu.

"Vifungo, unanipata?"

Kisha kilio. "Nakupata, Fundi! Neno kwa neno!"

"Basi usilie, utalowesha kifaa."

Wakapendana. Simu zikawa za kila jioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Uliza tena."

"Umekula?"

"Tena. Utamu haujaisha."

Alipomtamkia ndoa, mwanamke akasema, "Kwanza nimsikie mama akikubali. Kwa masikio yangu."

Hapo fundi alipaswa kusema ukweli. Kifaa kilijua sauti moja tu, yake. Nyingine zote kilizihesabu makelele, kikazififisha. Alijua hilo tangu mwanzo. Alijiambia atamweleza kesho, na kesho ya mtu anayependwa haifiki.

Mama akaja, mzee, kibogoyo, midomo yake haisomeki. Akazungumza kwa muda mrefu akitabasamu. Binti akageuka, uso umempauka.

"Fundi, zamani mama nilikuwa namwokotea neno mojamoja. Leo hata moja sipati. Mbona wewe nakusikia?"

Akamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe sikupona. Ulinifungia chumbani na wewe, ukauficha ufunguo."

"Niliogopa kukupoteza, mpenzi."

"Kifundishe sauti ya mama."

"Kinabeba moja. Yangu itafutika."

"Nimesikia."

"Mama ni mzee. Sauti hiyo utakaa nayo muda gani?"

"Ndiyo maana nina haraka."

Mama alirekodiwa akisimulia mambo ya ujana wake, akikohoa, akimsengenya marehemu mumewe. Fundi aliyasikia yote, kichwa chini. Kisha akafuta sauti yake, akaweka ya mama, akamvika binti kifaa.

"Mwanangu," mama akasema, "kilemba kimelegea."

Binti akashika kilemba, akaangua kilio. Wakakumbatiana. Nyuma yao fundi alisema jambo. Hakuna aliyegeuka.

Alikaa wiki kadhaa, kisha akapiga simu. Ikapokelewa.

"Nimeona jina lako," mwanamke alisema. "Nasikia mvumo tu, kama bomba linalovuja. Ungeandika."

Hakutaka kuandika. Akasema. Aliomba msamaha, akasema atatafuta njia ya kubeba sauti mbili, ingawa alijua kifaa hakina nafasi. Akamwita Vifungo. Akauliza kama amekula.

Upande wa pili mwanamke alisubiri, simu sikioni, mkono mwingine ukipanga zipu kwa rangi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado," fundi akasema.

"Haya. Nadhani umemaliza." Akakata.