Macaire na Mswada Ambao Bado si Sheria

Kila Jumamosi alasiri Kasoki hupiga pasi nguo za wiki sebuleni, katika nyumba yao ya kupanga mjini Hyattsville, Marekani. Jumamosi hii alianza na shati jeupe la mumewe, Macaire. Alhamisi wote wawili wangesimama mbele ya jaji wa uhamiaji. Walitoka Kongo, na maombi yao ya hifadhi yalikuwa bado hayajaamuliwa.

Macaire aliingia kutoka kazini, ghalani, huku akicheka.

"Mama, acha pasi! Hatuendi tena."

"Hatuendi wapi?"

"Ku mahakama. Polisi wa uhamiaji wamekwisha. Mbunge ameleta sheria ya kuwakatia pesa yote. Iko ku simu, mu kundi la kwaya, tangu asubuhi. Alhamisi nimekubali zamu ya kazi."

Kasoki alizima pasi. Kwao, tamko likisomwa redioni jioni, asubuhi lilikuwa amri. Hakubisha. Lakini shati hakulirudisha kabatini.

Mlango ukabishwa. Alikuwa Jepkosgei, jirani wa ghorofa ya juu, Mkenya anayehudumia wazee. Jumamosi asubuhi hujitolea katika ofisi ya msaada wa kisheria. Alikuwa amefuata sufuria yake.

"Shemeji, mbona unachekelea hivyo?"

Macaire akamweleza.

"Nani ametia saini?" Jepkosgei akauliza.

"Saini gani?"

"Kwaya yenu ilipendekeza sare mpya mwezi wa tatu. Mbona Jumapili nimewaona na zile za zamani, kola zimechakaa?"

Kasoki akacheka. "Kamati haijakubali hata rangi!"

"Basi. Hiyo ya mbunge ni mswada, pendekezo tu. Lazima Baraza la Wawakilishi liupitishe, Seneti iupitishe, kisha Rais autie saini. Mingi hufia kwenye kamati. Na hata ukipita, jaji wenu hayuko chini ya wale polisi. Mahakama ya uhamiaji iko katika wizara nyingine. Tarehe yenu inabaki pale pale."

"Na tukikosa?"

"Jaji anaweza kuamuru mwondolewe nchini bila kuwasikiliza."

Macaire akakaa. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Dada, kusema kweli, nilifurahi kwa sababu naogopa. Wakitukamata mlangoni?"

"Hofu yako ina msingi, na mimi siwezi kukuahidi kitu. Ndiyo maana mtu huongea na wakili kwanza. Lakini usipokwenda, umeifunga kesi kwa mkono wako mwenyewe."

Macaire alipiga simu ya mahakama na kubonyeza namba ya kesi. Sauti ya mashine ikataja Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi. Kisha akampigia wakili wao, naye akaahidi kuwangojea nje ya jengo. Mwisho akampigia msimamizi wa ghala kuirudisha zamu. Msimamizi alinung'unika. Macaire hakubadili neno.

Alhamisi, mahakamani, jina la mtu mwingine liliitwa mara tatu. Hakuna aliyesimama. Jaji alisubiri, akapitia jalada, akatoa amri ya kumwondoa nchini.

Kisha likaitwa jina lao.

"Tuko," Kasoki akajibu kabla ya mumewe.

Jaji aliwapangia siku ya kutoa ushahidi wao. Wakatoka kwa mlango ule ule walioingilia.

Kituoni, wakingoja basi, Macaire aliandika katika kundi la kwaya: "Ule ni mswada, si sheria. Sisi tunatoka mahakamani sasa hivi. Mwenye randevu, tarehe ya mahakama, aongee na wakili wake, kisha aende."

Jibu la kwanza lilitoka kwa Yohan, mwimbaji wa sauti ya besi: "Asante, ndugu. Yangu ni Jumatatu. Nilikuwa nimeamua kubaki nyumbani."

Macaire akamsomea mkewe.

"Mpigie," Kasoki akasema. "Mwulize kama shati lake limepigwa pasi."