Msilisukume Gari

Mwanamke mmoja fundi cherehani alikuwa akiishi na mumewe na mama mkwe wake. Mume alisafiri kikazi wiki nzima, wiki nzima. Kwa hiyo gari dogo la nyumbani aliliendesha mke.

Gari lenyewe lilikuwa kigeugeu. Leo linawaka, kesho linakataa. Mume alinunua betri mpya akaifunga mwenyewe, lakini wapi! Kila likikataa, majirani walikuja mbio kulisukuma. Likiwaka, wanacheka na kwenda zao. Wema wao ulikuwa mkubwa, lakini ugonjwa wa gari ulibaki palepale.

Mama mkwe alikuwa na presha ya macho. Dawa yake ilitakiwa kubadilishwa, la sivyo angezidi kupoteza uwezo wa kuona. Mara mbili gari lilikataa siku ya kliniki. Mara mbili walifika wakakuta namba za kumwona daktari zimekwisha.

"Gari hili linakataa siku zangu tu," mama alisema. "Siku za kununua vitambaa linawaka."

"Jamani, mama!"

"Nimesema gari. Sijamsema mtu."

Mkwe wake, yule fundi cherehani, alijua nani amesemwa. Maneno yale yalimchoma.

Akaenda kwa fundi magari wa mtaani. Watu walimwita Polepole, kwa sababu aliuliza maswali kumi kabla ya kufungua boneti.

"Leo linawaka, kwa hiyo siwezi kuona kinachougua," Polepole alisema. "Siku likikataa, msilisukume. Mkilisukuma mnafuta dalili. Niite nilikute hivyohivyo."

Siku ya kliniki ikafika. Mama akakaa kiti cha mbele. Mkwe akazungusha ufunguo. Gari likagoma. Majirani wanne wakaja, wanakunja mikono ya mashati.

"Msilisukume!" mkwe alipiga kelele.

"Unawafukuza wanaotusaidia?" mama aliuliza. "Sema tu kwamba hutaki kunipeleka."

Mkwe alikaribia kulia. Hata hivyo alimpigia simu Polepole, naye akaja upesi kuliko jina lake.

"Ulipozungusha ufunguo ulisikia nini?" Polepole aliuliza.

"Sijui. Nilichanganyikiwa."

"Ta," mama alijibu kutoka ndani ya gari. "Mara moja tu. Likikataa husema hivyo kila siku."

"Mama! Mbona hukutuambia?"

"Nani aliniuliza? Mabovu ni macho. Masikio ni mazima."

Polepole akacheka. "Sasa zungusha tena, utazame taa za dashibodi."

Taa zilikuwa zinawaka vizuri. Ufunguo ulipozungushwa zikazimika. Ta.

"Injini ingezunguka bila kuwaka, ningetafuta mafuta au plagi," Polepole alieleza. "Taa zingebaki na mwanga wake, ningeishuku stata, mota inayoizungusha injini. Lakini zimezimika. Umeme hautoshi. Ama betri imekwisha, ama waya haishiki."

Akapima betri. Ilikuwa nzima. Akashika kibano cha waya juu yake, kikacheza mkononi. Ndani kilikuwa na unga mweupe.

"Betri ni mpya, lakini vibano vina uchafu wa zamani. Ni sawa na kununua tangi jipya huku bomba limeziba. Siku vikigusa vizuri, gari linawaka. Vikiachia kidogo, linakataa."

Alifungua kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya. Akavisugua vibano kwa brashi ya waya mpaka vikang'aa. Akarudisha chanya, akamalizia na hasi. Akakaza, akapaka grisi.

"Jaribu."

Gari likawaka mara moja. Majirani wakapiga makofi.

Walifika kliniki namba zikiwa bado zipo. Daktari akambadilishia mama dawa siku hiyohiyo. Tangu hapo mkwe hukagua vibano kila mwezi, na gari halijakataa tena.

Lakini siku ile, kabla ya kuitwa na daktari, wakiwa wamekaa kwenye benchi, mama alimshika mkwe wake mkono.

"Nilidhani anayekataa ni wewe, mwanangu. Nisamehe."

"Yamekwisha, mama," alijibu, na machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakamtoka.