Kichupa cha Ishirini na Tano

Raundi ya saa mbili asubuhi, damu ilizidi. Vitanda ishirini na vinne, wanaume ishirini na wanne, na kwenye trei vichupa ishirini na vitano. Sista Padmaja alihesabu mara tatu, akahesabu tena kwa Kitelugu chake cha nyumbani, hesabu ikabaki ileile.

"Nani amechomwa mara mbili?"

"Mbu wenu, Sista," alidakia mmoja. "Na yeye amejitolea."

Wakacheka wote. Nyumba hiyo ya kujaribia dawa ilikuwa pembeni mwa Hyderabad, ghorofa ya tatu, madirisha hayafunguki, simu zinaachwa getini. Kampuni inawaita wajitolea. Wajitolea! Utadhani watu walitoka makwao kwa mapenzi ya sayansi. Kitanda namba kumi na nne kililaliwa na Wasif Qadri, digrii ya kemia, daraja la kwanza, cheti kimetundikwa sebuleni kwa mama yake kinakula vumbi. Miaka minne alisomea jinsi kidonge kinavyotengenezwa, na kazi pekee aliyoipata ni kukimeza.

Ila kwa makaratasi hakuwa Wasif. Kanuni inataka mtu apumzike siku tisini kati ya jaribio moja na jingine, na yeye alitoka kwenye jingine wiki tatu tu zilizopita. Kwa hiyo aliingia na kitambulisho cha kaka yake Imtiyaz, aliyekufa kwa homa mwaka juzi. Serikali haina habari. Mama yao, Ammi, hakwenda kuripoti kifo, mgao wa mchele usije ukapunguzwa. Nusu ya mtaa wao wanaishi hivyo, marehemu wao wanapokea mchele kila mwezi bila kukosa. Sura za ndugu hao zilifanana, mlinzi hakuangalia mara mbili. Sasa utepe mkononi ulisema Imtiyaz Qadri, na kabla ya kila kidonge na kila sindano unaulizwa jina lako, nawe sharti ujibu kwa sauti. Tangu alfajiri alikuwa ameshamjibia marehemu mara sita.

Sista Padmaja akakiinua kile kichupa cha ziada, akasoma stika yake.

"Wasif Qadri. Wasif ndiye nani?"

Wasif akauvuta utepe wake chini ya shuka.

Aligeukia kitanda cha kumi na tano. Hapo alilala mzee Sattar, fundi cherehani, mtu pekee mle ndani aliyelijua jina lake, maana kwenye lile jaribio la nyuma walilala chumba kimoja.

"Umeniuza, chacha, ami yangu?" alinong'ona.

"Nikuuze kwa nani, mwanangu? Mimi mwenyewe humu ndani, kwa makaratasi, ni shemeji yangu."

"Basi nani kaandika?"

"Mimi najua kushona. Kuandika muulize mwenye digrii."

Wasif hakumwamini. Alimtazama kila alipokwenda chooni, akamtazama mikono alipokula upma yake, ule uji mzito wa ngano, akaanza kumshuku na Sista, na yule kijana wa kufagia, na kamera iliyokuwa juu ya mlango. Mmoja wao alikuwa anamchezea, na siku isingeisha kabla hajatajwa. Akitajwa, jina lake linaingia kwenye orodha ya wadanganyifu maisha yake yote, halafu polisi.

Raundi ya saa tatu, vichupa ishirini na vitano. Saa nne, vilevile. Ndipo aliposhuka Daktari Venugopal mwenyewe, akaipitia picha ya kamera mwanzo mpaka mwisho: Sista anachoma watu ishirini na wanne, anaweka vichupa ishirini na vinne, anafunika trei. Akifunua, ishirini na vitano. Daktari akaamuru milango ifungwe.

"Kuna mtu anahujumu dawa yangu," alisema.

Wasif alikuwa ameona kitu kingine. Damu yake mwenyewe ilitoka nyeusi, nzito, na kichupa chake, chenye jina la Imtiyaz, kilikuwa baridi. Kile kilichoandikwa Wasif kilifanya ukungu kwenye kioo kwa joto lake. Na harufu ilikuwa imeanza, ya karafuu maiti, ileile aliyoinusa mikononi mwake siku tatu nzima baada ya kumwosha Imtiyaz.

"Na wewe unaisikia?" aliuliza.

Mzee Sattar alikuwa ameshajifunika pua kwa shuka. "Huyo shemeji uliyemwazima jina, yu hai?"

"Si shemeji. Ni kaka yangu. Amekufa."

"Arre, mjinga wewe!" Mzee akashusha sauti. "Kila mtu anazaliwa na jini wake, karini. Mtu akifa, yule haingii kaburini. Anabaki anazurura, hana jina la kuitiwa. Leo jina lake limeitwa tangu alfajiri, na kila likiitwa, unaitika wewe. Umevaa nguo ya marehemu, yako umeiacha msumarini. Sasa anaipima."

"Ni madhara ya dawa, chacha. Dawa hii ni ya mishipa ya fahamu, inachezea akili."

"Sawa, profesa. Lakini simama, litaje jina lako mbele ya watu, kabla halijamkaa vizuri."

"Nitafungwa."

"Utafungwa ukiwa wewe."

Alisema atangoja raundi moja tu. Saa saba sindano ilizama mkononi isitoe kitu, Sista akachoma tena na tena, na wakati huo kila aliyekuwa kitandani aliisikia ile sauti ya mtu anayetembea pekupeku katikati ya vitanda, nyayo zake zimelowa, anasimama kwenye kila kitanda kama anayetafuta namba yake, mpaka akafika cha kumi na nne akaacha kutembea, na Wasif akakaa wima na kupaza sauti ili ajitaje mbele ya daktari na kamera na dunia nzima, naye akatafuta mdomoni na kichwani na mpaka kwenye kile cheti cha ukutani lile neno moja aliloitiwa tangu anyonye, asilikute, akakuta la kaka yake tu.

"Imtiyaz," alisema. "Mimi ni Imtiyaz."

"Tunajua," alisema Sista.

Raundi ya saa nane, vichupa vilikuwa ishirini na vinne. Daktari akapiga makofi. Harufu ilikuwa imekwisha, wanaume wakaanza kutaniana, chai ikaletwa. Mzee Sattar peke yake hakunywa. Alikuwa amempa Wasif mgongo.

Wasif alimlilia Sista Padmaja mpaka akakubali kumpa simu yake kwa dakika moja, chini ya shuka.

"Ammi. Ni mimi. Niite jina langu, Ammi, tafadhali."

"Mimi nani?"

"Mwanao."

Kwa mbali kijiko kiligonga sahani, na mtu akauliza, "Ammi, nani huyo?" Sauti ilikuwa ya Wasif mwenyewe, mpaka ule mkwaruzo wa kooni.

"Kula, Wasif, si mtu," mama alimjibu yule. Kisha akaziba simu kwa kiganja, akanong'ona huku akilia. "Imtiyaz. Ndiyo maana nyumba inanuka karafuu maiti tangu adhuhuri. Tulikuzika kwa haki zako zote, mwanangu. Tuachie huyu mmoja. Usirudi."

Simu ikakatika. Sista Padmaja alikuwa amesimama na trei.

"Jina lako?"

Akanyoosha mkono, akajibu.