Mlinzi wa Viatu

"Utafiti huu mimi naumaliza kabla wali wa mama haujaiva!" Salima alitamba, huku akifunga mkoba wake. Huyo ndiye Salima wa darasa la sita pale Mchinga. Kila kiungo chake kilipata mapumziko, isipokuwa mdomo.

Mwalimu Cecilia alikuwa amewapanga wawili wawili, mwenyeji na mgeni, wachunguze pamoja jinsi watoto waliohamia wanavyoyazoea maisha mapya. Majibu yangesomwa mbele ya wazazi, ili shule ijue pa kusaidia. Salima alipangwa na Rosalia, ambaye familia yake ilihamia muhula uliopita kutoka Nyangamara, huko kwenye mikorosho, mbali na bahari.

"Tukae lini tuulizane?" Rosalia aliuliza.

"Tuulizane nini, shoga? Si nakuona kila siku? Wewe pumzika, nitaandika."

Kumwona, alimwona kweli. Kila maji ya bahari yalipokupwa, wasichana walishuka mwambani kutafuta pweza, na kila mara Rosalia alibaki mchangani na viatu vyao. "Mlinzi, usisinzie!" walimtania, naye akatabasamu.

Basi siku ya wazazi Salima akasimama, akakohoa kama mheshimiwa, akasoma: "Mgeni wetu amezoea vizuri. Hana tatizo. Anapenda sana kulinda viatu."

Wazazi wakacheka. Rosalia akainamisha kichwa.

"Rosalia, ndivyo ulivyomwambia mwenzako?" Mwalimu Cecilia aliuliza.

"Hajaniuliza, mwalimu." Rosalia aliinua kichwa. "Siku ya kwanza walinipa viatu nishike, nikashika. Tangu hapo hakuna aliyeniambia njoo. Na mimi bahari siijui, naogopa maji yatanirudia. Nimeshamwomba mama anirudishe Nyangamara kwa bibi."

Salima aliikunja karatasi yake, akaificha mgongoni.

"Kumchunguza mtu bila kumuuliza ni kuonja mchuzi kwa macho," mwalimu alisema. "Rudieni. Safari hii wote wawili."

Jumamosi Salima alimfuata Rosalia kwao, viatu vyake mwenyewe vikining'inia shingoni. "Nisamehe, shoga. Twende. Leo mimi nauliza, wewe unasema."

Mwambani walimkuta Bi Maftaha, mvuvi hodari wa pweza. Walimwamkia shikamoo, naye akamwonyesha Rosalia jiwe moja jeusi. "Marahaba, wanangu. Maji yakianza kulilamba lile, tunatoka. Kabla ya hapo, usiwe na hofu."

Walizungumza huku wakitafuta pweza, mpaka jiwe likalowa.

Jumatatu Rosalia ndiye aliyesoma: mgeni hazoei kwa kuachwa pembeni, anahitaji kualikwa, na kuelezwa mambo ambayo wenyeji wanayajua tangu utotoni. Mwishowe akaongeza kwamba amemwambia mama yake hataki tena kuhama. Darasa likapiga makofi.

Salima akanogewa. "Na pweza nilimfundisha mimi kumkamata! Mimi simwogopi pweza hata chembe!"

"Wee Salima!" Bi Maftaha, aliyemleta mjukuu wake shuleni, alikuwa amesimama mlangoni. "Juzi pweza alipokushika mguu, aliyelia 'Mama, nakufa!' ni nani? Si huyu Rosalia aliyembandua, akamng'oa kama muhogo?"

Darasa zima liliangua kicheko, na Rosalia ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Basi liandikeni na hilo," alisema Mwalimu Cecilia. "Mgeni hujifunza kwa mwenyeji, na mwenyeji kwa mgeni. Nawe Salima, kabla hujajisifu, tazama kwanza nani alikuwepo."